Pikapu Inayowaka Leo na Kugoma Kesho: Jinsi ya Kulipata Tatizo Kabla ya Kununua Spea

Pikapu iliyokataa kuwaka kabisa haimsumbui fundi sana. Tatizo liko palepale, halikimbii, na mara nyingi hupatikana siku hiyo hiyo. Pikapu inayosumbua ni ile inayowaka vizuri alfajiri, inagoma sokoni saa sita, kisha inawaka tena mara tu inapovutwa hadi gereji. Fundi anageuza ufunguo mara kumi, nayo inawaka mara zote kumi. Mwenye gari anaambiwa, "Hii ni betri tu, mzee." Ananunua betri mpya, na wiki haijaisha gari linagoma tena. Baada ya hapo inanunuliwa stata, halafu swichi ya ufunguo. Pesa zimeisha na tatizo bado lipo.

Katika mji wa Isebania, hasara ya namna hii huingia moja kwa moja kwenye mfuko wa familia. Mji huu wa mpakani, ulio katika kaunti ndogo ya Kuria Magharibi, Kaunti ya Migori, unaishi kwa biashara ya bidhaa zinazoingia na kutoka. Mahindi, ndizi na mihogo kutoka mashambani hufika sokoni kwa pikapu, na bidhaa nyingine hupita mpakani kwenda na kutoka Sirari, upande wa Tanzania. Si ajabu kukuta Toyota Hilux, Isuzu au Nissan iliyozidi miaka 20 ikibeba mzigo kila siku. Nyanya zilizokwisha kuvunwa hazimsubiri fundi, na mteja aliyekosa mzigo wake leo kesho ataagiza kwa mwingine.

Makala haya yanaeleza jinsi mwenye pikapu, dereva wake na fundi wa jua kali wanavyoweza kulitafuta tatizo hili kwa utaratibu. Kanuni inayoongoza kazi yote ni moja: tatizo la kuja na kuondoka hupimwa wakati lipo. Kipimo kilichochukuliwa gari likiwa linawaka vizuri hakiwezi kueleza kwa nini liligoma jana.

SAFARI YA UMEME KUTOKA UFUNGUO HADI INJINI

Kabla ya mwaka 1912, magari mengi yaliwashwa kwa kuzungushwa na mkono kwa hendeli. Injini iliporudi nyuma ghafla, hendeli iliweza kumvunja mtu mkono. Mwaka huo kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme iliyobuniwa na mhandisi Charles Kettering na wenzake. Zaidi ya miaka 100 baadaye, stata iliyo chini ya boneti ya pikapu kuukuu bado inafanya kazi kwa msingi ule ule.

Umeme wa kuwashia gari una njia mbili, na ni muhimu kuzitenganisha akilini.

Ya kwanza ni njia nyembamba, inayobeba umeme mdogo wa kutoa amri. Dereva anapogeuza ufunguo, umeme huo hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, swichi ya ufunguo na relei kama ipo, kisha hufika kwenye tundu dogo la solenoidi iliyo juu ya stata. Pikapu nyingi nchini zimeongezewa kitu kingine kwenye njia hii, nacho ni katauti, ile swichi ya siri inayofungwa ili kumzuia mwizi. Nyingine zina king'ora au kifaa cha kufuatilia gari chenye relei yake.

Ya pili ni njia nene, inayobeba umeme mkubwa wa kufanya kazi. Solenoidi ikipata amri, huvuta chuma kilicho ndani yake. Chuma hicho husukuma gia ndogo ya stata hadi ishike meno ya flaiwili, na wakati huo huo sahani ya shaba huunganisha vipande viwili vya shaba. Hapo umeme mwingi hutoka betri kupitia waya mnene, huingia kwenye mota ya stata na kuizungusha injini. Umeme huo hurudi betri kupitia chuma cha injini na waya wa hasi, ambao mafundi wengi huuita waya wa athi.

Stata ya pikapu ya dizeli inaweza kuvuta ampia 200 au zaidi inapozungusha injini. Ukubwa huo unaeleza mengi. Uchafu kwenye kiungo kimoja unaweza kuwa na ukinzani wa ohmu 0.01 tu, kiasi ambacho mita ya kawaida haikioni vizuri. Lakini ampia 200 zikipita hapo, volti 2 zinapotea njiani. Taa hazitaonyesha dalili yoyote kwa sababu zinatumia umeme kidogo. Ni kama bomba lililozibwa nusu: maji ya kujaza kikombe hupita bila shida, lakini ya kuzima moto hayatoshi. Ndiyo sababu haitoshi kusema, "Betri ni nzima kwa sababu taa zinawaka."

KUSIKILIZA KABLA YA KUFUNGUA SPANA

Gari likigoma, dereva asikimbilie kugeuza ufunguo mara ishirini. Ageuze mara moja, asikilize, na aangalie taa za dashibodi au taa kubwa. Sauti na taa kwa pamoja zinapunguza maswali kwa kiasi kikubwa.

Kimya kabisa, taa zinawaka kama kawaida. Amri haifiki kwenye stata. Njia nyembamba ndiyo ya kushukiwa kwanza: swichi ya ufunguo, katauti, relei, fyuzi, au waya mdogo uliolegea kwenye solenoidi. Kwa gari la gia otomatiki, iongezwe swichi inayozuia gari kuwaka kama gia haiko kwenye P au N.

Kimya kabisa, na taa zote zinazimika ufunguo unapogeuzwa. Mara nyingi ni kichwa cha betri kilicholegea au kilichoota uchafu. Kinapitisha umeme wa taa, lakini stata inapodai wake, kiungo kinakata.

Mlio mmoja wa "tak", taa hazififii. Solenoidi imepata amri na imevuta, lakini umeme mkubwa haufiki kwenye mota au mota haiupokei. Hapa hushukiwa vipande vya shaba ndani ya solenoidi au kaboni za stata.

Milio mingi ya haraka, "tak-tak-tak-tak", taa zinafifia. Umeme ni mdogo. Betri imeisha, haichajiwi, au viungo vyake vinakula volti.

Stata inazunguka kwa kasi na kwa sauti nyepesi, injini haisogei. Gia ndogo ya stata haishiki flaiwili. Ama gia hiyo imechoka, ama meno ya flaiwili yameliwa sehemu moja.

Stata inazungusha injini vizuri, lakini injini haiwaki. Hapo stata na betri ziachwe. Tatizo liko kwenye mafuta, hewa au moto wa plagi.

DAFTARI DOGO NDANI YA GARI

Tatizo lisilokaa mahali pamoja linahitaji kumbukumbu. Daftari la kawaida la shule linatosha. Kila gari linapogoma, dereva aandike mambo matano: tarehe na saa, injini ilikuwa baridi au moto, hali ya hewa, kama mvua au ubaridi wa asubuhi, sauti iliyosikika na jinsi taa zilivyokuwa, na kilichofanyika hadi likawaka.

Baada ya mara nne au tano, mpangilio huanza kujitokeza. Pikapu inayogoma asubuhi tu, baada ya kulala usiku kucha, inaelekeza kwenye betri dhaifu, umeme unaovuja gari likiwa limezimwa, hita plagi za dizeli, au hewa inayoingia kwenye mpira wa mafuta. Inayogoma injini ikiwa moto na kuwaka baada ya kupumzika nusu saa inaelekeza kwenye stata au solenoidi iliyochoka, kwa sababu shaba ikipata joto ukinzani wake huongezeka. Kwa gari la petroli, koili ya moto nayo hushukiwa. Inayogoma baada ya safari ya barabara ya murram inaelekeza kwenye kitu kilicholegezwa na mtikisiko. Inayogoma baada ya mvua au kuoshwa inaelekeza kwenye unyevu unaoingia kwenye relei au viungo vya waya.

Fundi anayepewa daftari hilo anaanza kazi akiwa mbele kwa hatua nyingi kuliko yule anayeambiwa tu, "Fundi, hili gari siku hizi linasumbua."

HATUA YA KWANZA: BETRI NA KUCHAJI

Kifaa kinachohitajika ni mita ya kupimia volti. Mita ya bei nafuu inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya betri mpya.

Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki karibu nusu. Ikisoma chini ya 12, imeisha, na hakuna haja ya kupima stata kabla ya kuichaji.

Namba hiyo peke yake haitoshi. Betri kuukuu inaweza kusoma 12.6 ikiwa imepumzika kisha ikaanguka mara inapodaiwa kazi. Kwa hiyo mita ibaki kwenye betri huku msaidizi akipiga stata. Betri nzima haipaswi kushuka chini ya takriban volti 9.6 kwa sekande chache hizo. Ikianguka hadi 7 au 6, ama betri imechoka, ama stata imekwama na inavuta umeme kupita kiasi. Betri nyingine iliyo nzima ikiazimwa kwa kipimo kimoja tu, itaonyesha ni ipi kati ya hizo mbili.

Injini ikiwaka, volti kwenye betri zipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Zikibaki 12 na kitu, alteneta haichaji, au mkanda wake umelegea. Kununua betri mpya kwa gari lenye alteneta mbovu ni kununua siku chache za amani.

Kwa betri inayofunguliwa, maji yake yafunike sahani zote ndani, na yanayoongezwa yawe maji safi ya betri, si ya mfereji wala ya mto.

HATUA YA PILI: VICHWA VYA BETRI NA NYAYA NENE

Hapa ndipo matatizo mengi ya kuja na kuondoka huishia, na hapa ndipo gharama huwa ndogo kuliko kote. Vichwa vyote viwili vya betri vifunguliwe, waya wa hasi ukitangulia kutolewa na ukiwa wa mwisho kurudishwa. Unga mweupe au wa kijani uoshwe kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, bila kuyaruhusu kuingia ndani ya betri. Kisha shaba na risasi zisuguliwe kwa msasa hadi zing'ae, zifungwe imara, na zipakwe grisi juu.

Kazi isiishie kwenye betri. Waya wa hasi una mwisho mwingine kwenye injini na kwenye bodi, mahali penye matope, mafuta na kutu, na watu wengi hawapaangalii kamwe. Nao ufunguliwe, usuguliwe na kukazwa.

Kuthibitisha kwamba nyaya ni nzima, mita hutumika hivi. Ncha nyekundu iwekwe kwenye nguzo ya chanya ya betri yenyewe, si kwenye kibano chake. Ncha nyeusi iwekwe kwenye nati kubwa ya stata inayopokea waya wa betri. Msaidizi apige stata. Mita isizidi takriban volti 0.5. Kisha upande wa hasi: ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma safi cha stata. Stata ipigwe tena. Isizidi takriban volti 0.3. Namba kubwa zaidi ya hizo inamaanisha kuna kiungo au waya unaokula umeme, hata kama kwa macho unaonekana mzima. Waya unaweza kuwa umeoza ndani ya plastiki.

Kipimo hiki kina maana stata ikiwa inazunguka au inajaribu kuzunguka. Waya usiopitisha umeme mwingi hauonyeshi upungufu wake.

HATUA YA TATU: PIMO LA NUKTA TATU KWENYE STATA

Hili ndilo pimo linalomaliza ubishi kati ya swichi, betri na stata, mradi lifanywe gari likiwa limegoma. Kabla ya kuanza, gia iwe nutro, breki ya mkono ivutwe na magurudumu yazuiwe kwa mawe. Ili injini isiwake ghafla mtu akiwa karibu, waya wa solenoidi ya kukata mafuta kwenye pampu ya dizeli uchomolewe, au waya wa koili kwa petroli.

Ncha nyeusi ya mita ibaki kwenye nguzo ya hasi ya betri. Msaidizi ashikilie ufunguo kwenye sehemu ya kuwasha, si zaidi ya sekande 10 kwa mara moja, huku fundi akipima sehemu tatu.

Nukta ya kwanza ni tundu dogo la solenoidi, linalopokea amri. Lazima lipate volti zinazokaribiana na za betri. Likipata sifuri, au volti 6 au 7, stata haina kosa. Tatizo liko nyuma yake, kwenye njia nyembamba.

Nukta ya pili ni nati kubwa inayopokea waya wa betri. Ikishuka sana huku betri yenyewe haishuki, waya mnene au kichwa cha betri ndicho chenye kosa.

Nukta ya tatu ni nati kubwa ya upande wa mota. Kama nukta ya kwanza na ya pili ziko sawa, mlio wa "tak" umesikika, lakini ya tatu inasoma sifuri, vipande vya shaba ndani ya solenoidi havigusani. Kama ya tatu inapata volti kamili na stata haizunguki, na waya wa hasi umekwisha kuthibitishwa, tatizo liko ndani ya mota, na mara nyingi ni kaboni zilizokwisha.

Ugonjwa wa vipande vya shaba ni wa kawaida mno kwenye stata za Hilux za zamani na nyingine za muundo huo, na unaeleza vizuri kwa nini tatizo huja na kuondoka. Kila gari linapowashwa, cheche ndogo hula shaba kidogo. Kwa miaka mingi, upande mmoja huliwa kuliko mwingine. Siku nyingine sahani hutua mahali pazuri na gari linawaka. Siku nyingine hutua mahali palipoungua na unasikika mlio mmoja tu. Dereva akigeuza ufunguo mara tano au kumi, hatimaye hugusa. Kwenye stata nyingi za aina hiyo vipande hivyo hubadilishwa peke yake, kwa gharama iliyo ndogo kuliko ya stata nzima, mradi sahani ya shaba nayo ikaguliwe.

Kuhusu kugonga stata kwa nyundo, desturi inayojulikana kila gereji: kugonga kidogo kunaweza kuzifanya kaboni zilizokwisha ziguse tena kwa muda. Likiwaka baada ya kugongwa, hiyo ni habari kwamba stata ifunguliwe. Haijatibiwa.

HATUA YA NNE: SWICHI, RELEI NA KATAUTI

Kama nukta ya kwanza haikupata umeme, njia nyembamba ifuatwe kutoka stata kurudi nyuma, kiungo kwa kiungo, hadi mahali umeme unapopatikana kamili. Kosa liko kati ya mahali hapo na kiungo kilichotangulia kupimwa.

Katauti ipimwe mapema. Mara nyingi ilifungwa haraka, kwa waya mwembamba uliosokotwa na kuzungushiwa seloteپu, ikafichwa mahali penye vumbi na mtikisiko. Swichi ya ufunguo nayo huchoka ndani. Dalili yake ni gari kuwaka ufunguo ukichezwachezwa au ukisukumwa upande mmoja. Rundo zito la funguo na mapambo linaloning'inia kwenye swichi huharakisha uchovu huo.

Kama betri huisha usiku bila sababu, mita iwekwe kwenye kipimo cha ampia kati ya nguzo ya hasi na waya wake, kila kitu kikiwa kimezimwa na milango imefungwa. Gari kuukuu halipaswi kuvuta zaidi ya takriban ampia 0.05. Likivuta zaidi, fyuzi zitolewe moja moja hadi namba ishuke. Wakati wa pimo hili stata isipigwe kamwe, kwa kuwa mita itaungua.

HATUA YA TANO: INAZUNGUKA LAKINI HAIWAKI

Kwa dizeli, mambo matatu huja kwanza. Hita plagi zilizokufa huifanya injini isumbue asubuhi ya baridi na kuwaka vizuri ikiwa moto. Mpira wa mafuta uliopasuka kidogo huingiza hewa usiku, dizeli ikarudi kwenye tangi. Gari likiwaka haraka baada ya kupampu kwa mkono kwenye kichungi, hewa ndiyo ya kutafutwa. Solenoidi ya kukata mafuta kwenye pampu ikikosa umeme, injini itazunguka siku nzima bila kuwaka. Solenoidi hiyo hutoa mlio mdogo ufunguo unapofunguliwa, na kukosekana kwa mlio huo ni dalili.

Kwa petroli, moto kwenye plagi uangaliwe kwanza, kisha petroli yenyewe.

MFANO WA KUFUATA

Tuseme pikapu ya dizeli imegoma saa nane mchana. Daftari linaonyesha imegoma mara tano, zote injini ikiwa moto, kila mara kwa mlio mmoja wa "tak", taa zikiwaka vizuri. Betri ilikwisha kubadilishwa mwezi uliopita.

Mita inasoma volti 12.6 kwenye betri. Ufunguo ukigeuzwa, inabaki 12.4, kumaanisha kwamba stata haivuti umeme mkubwa. Tundu dogo linapata 11.8, kwa hiyo swichi na katauti hazina kosa. Nati ya betri kwenye stata inasoma 12.4, kwa hiyo waya mnene ni mzima. Nati ya mota inasoma sifuri. Hukumu imetoka: ni vipande vya shaba ndani ya solenoidi. Kazi yote imechukua dakika chache, na hakuna spea iliyonunuliwa kwa kubahatisha. Betri ya mwezi uliopita haikuhitajika.

USALAMA USIWEKWE KANDO

Haraka ya kuwahi soko imewafanya madereva wengi kutafuta njia za mkato. Nyingine zinaua.

Kuunganisha nati za stata kwa bisibisi kutoka chini ya gari ni hatari kubwa. Stata itazunguka hata kama gari liko kwenye gia, na pikapu inaweza kuruka mbele na kumkanyaga aliye chini au mbele yake.

Kusukuma gari kwenye barabara kuu ya A1, inayopitisha malori kwenda na kutoka mpakani, kunaweka wasukumaji mahali ambapo hawaonekani kwa urahisi, hasa jioni. Gari litolewe barabarani na pembetatu za tahadhari ziwekwe mbele na nyuma. Dereva pia akumbuke kwamba injini ikiwa imezimwa, breki na usukani wenye msaada wa injini huwa vizito. Gari la gia otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa.

Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Sigara, kiberiti na cheche vikae mbali. Wakati wa kuazima umeme, waya mwekundu uanze kwenye chanya ya betri iliyoisha, kisha chanya ya betri nzima. Waya mweusi uanze kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho ifungwe kwenye chuma cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri yake. Asidi ikimwagikia ngozi au macho, sehemu hiyo ioshwe kwa maji mengi mara moja na mtu apelekwe kituo cha afya.

Betri iliyokufa isivunjwe nyumbani wala kumwagwa shambani au mtoni. Ina madini ya risasi, ambayo hudhuru zaidi watoto. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walipata madhara makubwa kutokana na risasi ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu karibu na makazi yao. Ipelekwe kwa muuzaji anayepokea betri za zamani.

MWENYE GARI NA FUNDI WAKE

Mwenye gari ana haki ya kumwuliza fundi wake, kwa heshima, maswali mawili kabla ya kutoa pesa: "Fundi, umepima nini?" na "Mita imesema ngapi?" Aombe pia kurudishiwa spea iliyotolewa. Fundi mzuri hatachukia. Kwa fundi, kuandika namba hizo kwenye risiti ni njia ya kujilinda, kwa sababu gari likirudi, wote wawili watajua kilichokwisha kuthibitishwa.

Mafundi wa jua kali waliojifunza kazi gereji bila cheti wanaweza kufanya majaribio ya ufundi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, yanayoanzia daraja la III hadi la I. Vijana wanaotaka kuanza wanaweza kuuliza kwenye vyuo vya mafunzo ya ufundi, ambavyo kwa Katiba ya mwaka 2010 viko chini ya serikali za kaunti.

YA KUKUMBUKA

1. Geuza ufunguo mara moja, sikiliza, tazama taa, kisha andika.
2. Pima betri ikiwa imepumzika, stata ikipigwa, na injini ikiwaka.
3. Safisha na kaza viungo vyote, pamoja na mwisho wa waya wa hasi kwenye injini na bodi.
4. Pima nukta tatu za stata gari likiwa limegoma.
5. Fuata njia nyembamba hadi mahali umeme unapokatikia, katauti ikiwemo.
6. Nunua spea baada ya kipimo kuionyesha kidole.